Kupima UVB ya kobe kwa bajeti ndogo: kadi, mita ya bei chee, sensa ya kuunga mwenyewe au Solarmeter ya kuazima?

Ndani ya miezi miwili nimeulizwa swali hili mara tatu, wa mwisho ni shemeji yangu wa Milton Keynes ambaye mwanawe kapewa kobe na jirani anayehama: "Sasa shem, hiyo UVB napima na nini, maana hiyo mashine wanayoisema bei yake inamzidi kobe mwenyewe." Ni kweli inamzidi, anaisema Solarmeter, mita ya kweli ya kupimia UVB, yaani ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana ambayo kobe anaihitaji kwa mifupa na gamba. Kwa hiyo badala ya kuendelea kutuma voisi noti za dakika saba saba nimeona niandike yote hapa, vitu ambavyo nimevitumia au nimevishika mkononi, kipi kinapima nini na kipi ni kutupa hela. Bei nazotaja ni za huku Uingereza, za juu juu, zinapanda na kushuka.

Mimi niko Leicester. Kobe wangu ni wa aina ya Hermann, wale wa kusini mwa Ulaya, anaitwa Dodo kwa sababu siku namchukua alikuwa na ukubwa wa embe dodo kabisa. Nyumbani Tanga hakuna mtu anayewaza mambo haya, na kule Changuu Zanzibar wale kobe wakubwa ambao wazee wao waliletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919 wala hawajui tyubu, hizi taa ndefu za kutoa UVB, ni kitu gani, jua la pale saa sita mchana anga likiwa safi linapita 11 kirahisi kwenye indeksi ya UV, kile kipimo cha ukali wa mionzi ya jua, na kobe mwenyewe anaamua aote jua au aingie kivulini. Huku mwezi wa kumi na mbili saa sita mchana indeksi haifiki hata 1. Kiangazi ni sawa, namtoa bustanini, lakini miezi mingine yote anategemea taa, na taa lazima ujue inatoa nini. (Wewe uliyeko Tanzania au Kenya unayesoma hii, huhitaji taa, unahitaji kibali cha wanyamapori kabla ya kufuga kobe yeyote, na usiokote wa porini.)

Tunachotafuta ni kitu kimoja tu. Jua lina UVA, ambayo inaanzia nanomita (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) 315 au 320 hivi mpaka 400, na lina UVB ambayo iko chini ya hapo kushuka mpaka 280. Kobe UVA anaiona kwa macho, inamchangamsha, inamsaidia kutambua chakula, ni nzuri, lakini vitamini D3, ile inayomwezesha kutumia kalsiamu, haitoki humo. D3 inaanza kutengenezwa kwenye ngozi pale UVB ya kama nanomita 290 mpaka 315 inapoipiga, halafu joto ndilo linalomalizia, ndio maana taa ya joto na taa ya UVB zinatakiwa ziangaze sehemu moja, sio moja kona hii nyingine kona ile. Bila D3 kalsiamu unayomnyunyizia kwenye majani inapita tu, mifupa inakuwa laini, gamba linabonyea, miguu inapinda. Na UVB haionekani kwa macho, hapo ndipo watu tunapoumia, tyubu inaweza kuwaka nyeupe safi kabisa na UVB yake ilishaisha mwaka jana.

Mimi nimeipitia hii. Dodo alikuja na kila kitu chake, boksi la mbao, tyubu, taa ya joto, na kadi moja ndogo ya kupimia. Mzee aliyenipa, mtu mwema sana, aliiweka ile kadi chini ya tyubu mbele yangu, ikageuka zambarau, akasema unaona, bado nzima. Nikaamini, kwa nini nisiamini. Baada ya kama miezi mitatu nilikuwa namuogesha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikamshika hivi kumgeuza, kidole gumba kikabonyea kwenye gamba, pale nyuma juu ya mkia. Kilibonyea na kurudi, kama unavyobonyeza chupa ya maji ya plastiki. Nilikaa pale chini na kobe mkononi maji yanachuruzika nisijue la kufanya. Daktari wa wanyama akampiga eksirei, akanionyesha mifupa ilivyofifia, akauliza swali moja tu, UVB yako ni ngapi? Nikasema kadi inageuka zambarau. Akatikisa kichwa.

Wiki ile dada mmoja wa kikundi cha wafugaji wa reptilia hapa mjini akanijia na Solarmeter 6.5 yake. Akaishika kwenye urefu wa mgongo wa Dodo, kidude kikasoma indeksi 0.2, karibu na hamna. Nikaweka kadi pale pale, dakika ile ile. Zambarau.

Basi tuanze na hiyo kadi, pauni tano sita hivi. Ina rangi inayobadilika ikipigwa na UV, tatizo ni kwamba rangi hizo nyingi zinashtuka kwa UVA, na taa yoyote ya reptilia inaendelea kutoa UVA muda mrefu baada ya UVB kunywea. Usinisadiki mimi, jaribu mwenyewe. Ipeleke dirishani siku ya jua na dirisha limefungwa. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia karibu UVB yote na kupitisha sehemu kubwa ya UVA, kwa hiyo kama kadi inapima UVB haitakiwi kubadilika. Yangu ilikuwa zambarau ndani ya sekunde chache. Au tumia ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, wale waliowahi kukaa dukani kwa wakala wa M-Pesa wanaijua, ile ni UVA tupu, na kadi inageuka kwa furaha kabisa. Shanga za watoto zinazobadilika rangi juani ni hadithi hiyo hiyo. Kadi inafaa kwa swali moja tu: hii balbu niliyouziwa ni ya UV au ni balbu ya kawaida imepakwa maneno kwenye boksi? Hapo inajibu. Zaidi ya hapo hapana, na usiitumie kuamua lini ubadilishe tyubu maana itakwambia "bado" mpaka gamba lilainike.

Mita za bei chee za mtandaoni nazo, pauni 30, 40, zingine 60, zina skrini, zina betri, zinaandika namba kubwa kubwa na pembeni kuna maneno UVA/UVB. Hizi ndizo zinazonikera kuliko kadi. Kadi angalau inajionyesha ni karatasi. Hii inakupa namba mpaka na desimali na wewe unaamini kwa sababu namba ina heshima yake. Soma karatasi ndogo iliyokuja nayo utakuta imeandikwa inapima kwa mfano nanomita 280 mpaka 400 kwa pamoja, maana yake imejumlisha UVA na UVB kwenye kapu moja, na kwa kuwa UVA ni nyingi kuliko UVB kwa mbali, juani na kwenye taa, unachosoma hapo ni UVA karibu yote. Niliwahi kununua moja duka fulani la mtandaoni, sikuomba hata kurudishiwa hela, nikaiweka kama kielelezo.

Ukiwa nayo tayari ifanyie jaribio la kioo. Toa kioo kwenye fremu ya picha, kile cha kioo kweli sio plastiki, pima taa bila kioo, andika, kisha weka kioo katikati ya taa na sensa, pima tena umbali ule ule. Mita inayopima UVB itaanguka karibu na sifuri. Yangu ilitoka 412 ikaenda 297. Solarmeter ya yule dada kwenye tyubu hiyo hiyo, ile mpya niliyoweka badala ya iliyokwisha, ilitoka 3.4 ikaenda 0.0. Sihitaji kuongeza neno hapo. Ukimkuta mtu anauza mita ya aina hii "kwa kobe", mwombe akufanyie jaribio hilo kabla hujatoa hela.

Sensa za kuunga mwenyewe ni mada nyingine na najua vijana wa Arduino, ule ubao mdogo wa elektroniki wa kujiundia vifaa, watanijia juu. Ni rahisi kweli, moduli ya GUVA-S12SD au ML8511 ni pauni chache tu, unaunganisha nyaya tatu, unapakia programu, namba zinatiririka kwenye kompyuta. Lakini GUVA-S12SD inasikia kuanzia nanomita 240 hivi mpaka 370, ML8511 inafika mpaka 390, kwa hiyo tumerudi kwenye kapu lile lile la UVA na UVB pamoja. VEML6075 ndiyo ilikuwa na sifa kwa sababu ina njia mbili, moja imeandikwa UVA nyingine UVB, watu wakafurahi, ila kilele cha hiyo njia ya "UVB" kiko nanomita 330, yaani nje kabisa ya UVB inayotengeneza D3, na indeksi inayoitoa ni ya kukokotoa kwa hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya jua. Chini ya jua hesabu inakaribia ukweli kwa sababu mchanganyiko wa mionzi ya jua unajulikana. Chini ya tyubu mchanganyiko ni mwingine na hesabu inapotea. Isitoshe kiwanda kimeshaacha kuitengeneza, zinazouzwa ni masalia. Kuna AS7331 ambayo ina njia ya UVB iliyotengwa vizuri zaidi, ila bado utahitaji mita ya kweli pembeni ili uilinganishe nayo kwa tyubu yako hiyo hiyo, sasa kama mita ya kweli unayo mkononi si upime tu.

Nisiwavunje moyo kabisa, sensa ya kuunga ina kazi moja nzuri: kufuatilia. Ukiipigilia sehemu moja, tyubu moja, umbali mmoja, siku ulipoazima mita ya kweli ukaandika namba zote mbili, unaweza kuona mwendo wa kushuka mwezi hadi mwezi, japo UVB inashuka haraka kuliko UVA kwa tyubu nyingi kwa hiyo sensa itakuonyesha hali nzuri kuliko ilivyo. Ikishuka hata kidogo ujue taa imeshachoka muda. Kwa mtu anayependa kuchomea nyaya ni sawa, kwa shemeji yangu ambaye kubadilisha plagi tu anamwita fundi, hapana.

App za simu nazimaliza haraka. Kamera ya simu haioni UVB, hakuna app itakayoifanya ione, zile za "pima UV kwa kamera" ni mchezo. Lakini app ya hali ya hewa inayotoa indeksi ya UV ya mji wako ni bure na inafaa sana kwa siku za bustanini, leo Leicester ni 5 basi Dodo anatoka, leo ni 1 basi kutoka kwake ni kupunga upepo tu. Na usimuweke kobe dirishani ukadhani anaota jua. Ni joto na mwanga tu anapata, UVB imebaki nje ya kioo.

Sasa Solarmeter zenyewe, maana watu wanachanganya 6.2 na 6.5 na ziko bei zinazokaribiana, zaidi ya pauni 200 kila moja. 6.2 inapima UVB yote kwa jumla, kwa maikrowati kwa sentimita ya mraba. 6.5 inatoa indeksi ya UV, na sensa yake imechujwa ili mawimbi mafupi, yale yenye nguvu ya kuunguza ngozi na ya kutengeneza D3, yapate uzito mkubwa. Tofauti yake ni hii: taa mbili zinaweza kusoma namba moja kwenye 6.2, moja ikawa salama na nyingine inachoma macho, kwa sababu ya pili UVB yake imelalia upande wa mawimbi mafupi. Kuna kipindi zilitoka balbu ndogo za kujisokota ambazo zilifanya kobe na mijusi wafumbe macho siku nzima wasile, na ni mambo ya mawimbi mafupi haya haya. Kwa kobe wa nyumbani 6.5 ndiyo ya kununua au kuazima. Kuna 6.5R, hiyo ndiyo 6.5 yenyewe, ila usoni imeandikwa kwa ajili ya wafuga reptilia. Ukipata 6.2 ya mtumba kwa bei ya chini sio mbaya kwa kufuatilia tyubu moja inavyochakaa, kwa kupanga umbali mara ya kwanza hapana.

Na kingine kinachoipa 6.5 ushindi ni kwamba utafiti unaongea lugha yake. Gary Ferguson na wenzake walichapisha mwaka 2010 vipimo vya mijusi na nyoka porini, wanajianika kiasi gani, wakapata makundi manne tunayoyaita zoni za Ferguson, na mwaka 2016 Frances Baines na wenzake wakatoa orodha ya spishi zaidi ya 200 kila moja na zoni yake. Zoni ya 3, ambayo ndiyo wafugaji wengi wa kobe wa Mediterania wanaifuata, wastani wake ni indeksi 1.0 mpaka 2.6 na kilele ni 2.9 mpaka 7.4. Kwa vitendo wengi tunalenga 3 mpaka 5 pale anapootea, ikishuka taratibu mpaka sifuri kwenye kibanda chake. Ukiwa na 6.5 unasoma moja kwa moja, hakuna kubadilisha namba.

Sasa mwenye pauni 60 tu afanye nini? Hapa ndipo nataka nisikilizwe. Nunua tyubu nzuri, usinunue kipimo kibaya. Tyubu ya T5 HO (nyembamba, yenye nguvu kubwa) ya kampuni inayojulikana, Arcadia au Zoo Med, na fikscha yake, kile kishikio cha tyubu, yenye rifilekta ya kurudisha mwanga chini, halafu fuata chati ya umbali ya mtengenezaji kwa rula. Rula ni pauni moja. Ukiweka rula na chati upande mmoja na mita ya pauni 40 upande wa pili, rula inashinda bila kutoka jasho, kwa sababu chati ilipimwa na mtu mwenye kifaa cha kweli, na mita yako haikupimwa na yeyote. Hakikisha tu fikscha yako ni kama ile ya kwenye chati: rifilekta inaongeza sana, wavu wa juu unakula kiasi cha theluthi mpaka nusu kutegemea ulivyofumwa, na kioo au plastiki ngumu katikati inamaliza kila kitu. Ile asilimia ya kwenye boksi, 6, 12, 14, haikuambii kobe anapata ngapi, umbali ndio unaoamua.

Udhaifu wa rula ni kwamba haijui tyubu imezeeka. Ndio maana watu wanabadilisha kwa kalenda, T5 kila mwaka, T8, zile nene za zamani, kila miezi sita. Inafanya kazi, ila ni gharama, tyubu ni kama pauni 25 mpaka 30, na hapa ndipo hesabu ya mita inapogeuka. Ukiwa na kobe mmoja na tyubu moja, Solarmeter ya pauni 200 na ushee hailipi kirahisi, tyubu yangu ya sasa ina miezi kumi na tisa na bado inasoma vizuri kwa hiyo nimeokoa tyubu moja tu. Ukiwa na kobe wanne kwenye boksi nne inalipa ndani ya miaka michache. Ukiwa na wenzako wanane wenye kobe mmoja mmoja ni sawa na mtu mmoja mwenye nane. Sisi tulifanya mchango, watu saba, pauni 32 kila mmoja, tukanunua 6.5 moja, inazunguka kama upatu wa kina mama. Anayeichukua ananunua betri ya volti 9 ikiisha, na haitumwi kwa posta, inapelekwa kwa mkono. Kama huna watu, ulizia vikundi vya wafuga reptilia mjini kwako, maduka mengine ya wanyama yana mita na watakupimia ukipeleka tyubu na fikscha, na wapo wanaokodisha kwa wiki. Kuazima mara mbili kwa mwaka kunatosha kabisa, kwangu ni mwezi wa tatu Dodo akiamka kwenye usingizi wa baridi, na mwezi wa tisa akirudi ndani.

Sasa ukiipata kwa lisaa limoja usiipoteze kupima ovyo ovyo. Washa tyubu angalau nusu saa kabla, ikiwa ya baridi inasoma uongo, na kama ni mpya kabisa iache ifanye kazi masaa 100 ndio uamini namba zake maana mwanzoni inatoa zaidi. Ifute vumbi kwanza, ikiwa imezimwa na kupoa. Vaa miwani, usiikodolee macho taa. Halafu pima kwenye mgongo wa kobe, sio kwenye udongo. Hili watu wanalipuuza sana. Dodo sasa ana urefu wa sentimita saba hivi kutoka tumboni mpaka juu ya gamba, na kwangu sentimita saba hizo ni tofauti ya 2.6 chini na 3.4 mgongoni, na kobe mkubwa ni zaidi. Mimi nimekata kipande cha mbao urefu wa Dodo, nakiweka pale anapolala kuota, naweka mita juu yake, sensa inaangalia taa, nabonyeza kitufe mpaka namba itulie, naandika. Kisha nasogeza sentimita kumi, tena kumi, mpaka mwisho wa boksi. Dakika kumi nina ramani yote. Nilipofanya mara ya kwanza nikagundua bakuli la chakula lilikuwa kwenye 0.4 na jiwe lake la kuotea 3.4, kwa hiyo chakula nilikisogeza kikae kwenye 2, sasa anakula anaota, wakati wa asubuhi anatembea na kucha zake kwenye ubao kwa kwa kwa kwenda moja kwa moja pale.

Ukipima nje juani ni tofauti kidogo, ilaze mita iangalie juu mbinguni, usiielekeze kwenye jua, maana indeksi inayotangazwa ni ya sehemu bapa. Saa ya jua la utosi na anga safi ukilinganisha na indeksi ya app ya hali ya hewa unapata wazo kama mita ya mtumba bado iko sawa au imelewa. Ikitofautiana sana usiinunue.

Mtu aliniuliza je taa za mvuke wa zebaki zinazotoa joto na UVB kwa pamoja, si zinaondoa haja ya kupima? Zinaongeza. Miale yake ni kama ya tochi, katikati kali pembeni hamna, na huwezi kuiweka kwenye thamostati ya kudhibiti joto, halafu inakausha gamba. Na tukiwa hapo, gamba kuota vilima vilima sio lazima liwe kosa la UVB, Wiesner na Iben mwaka 2003 walilea kobe wadogo wa sulcata, aina ya Afrika, wakaona ukavu wa hewa ndio uliochangia zaidi, kwa hiyo usiongeze taa ukidhani unatibu vilima, ongeza unyevu.

Nimebandika utepe wa karatasi pembeni ya boksi la Dodo, umeandikwa tarehe, urefu wa fikscha kutoka kwenye ubao, na namba tatu: jiwe, bakuli, kibanda. Mwezi wa tisa ilisoma 3.4, 2.0, 0.0. Mwezi wa tatu mwaka huu 3.1, 1.8, 0.0. Ikifika 2.5 kwenye jiwe nashusha fikscha sentimita tano kwanza na kupima tena, tundu za mnyororo zipo, na ikishindikana hapo ndio nanunua tyubu. Gamba la nyuma juu ya mkia sasa ni gumu kama kifuu cha nazi, nalibonyeza kila Jumapili wakati wa kuoga.

Shem, ya kwako nakuja nayo Jumamosi. Washa tyubu tangu asubuhi, toa ule wavu wa juu uliosema umeuweka kwa ajili ya paka tuupime ukiwepo na usipokuwepo, na ile mita uliyooda usiifungue boksi, irudishe.